Mfuniko wa tenki la pikipiki kuukuu umegoma kufunguka: tafuta chanzo kabla ya kushika nyundo

Miaka ile daraja la Kigongo–Busisi hapa Mwanza lilipokuwa bado linajengwa na sote tukisubiri kivuko, nilimkuta kijana mmoja pale Kigongo na Honda CG125 kuukuu. Pikipiki imeishiwa mafuta, dumu la lita tano liko pembeni, na mfuniko wa tenki hautaki kufunguka. Ufunguo unaingia, haugeuki. Akaazima bisibisi bapa na nyundo, akauchokonoa mfuniko pembeni kama mtu anayefungua kopo la rangi. Baada ya dakika kumi ukatoka. Akamimina petroli, akaziba kwa kitambaa na kipande cha nailoni, akavuka.

Wiki mbili baadaye tulikutana tena mjini. Mdomo wa tenki ulikuwa umepinda. Alipofika ng'ambo, kwenye mteremko wa kwanza tu, petroli ilirukia injini ikiwa ya moto. Haikuwaka, namshukuru Mungu kwa hilo. Ila hakuna mfuniko mpya uliokubali kukaa kwenye mdomo ule, na mwisho alitafuta tenki zima. Nilimwomba ule mfuniko wa zamani nikaufungua: kitasa kilikuwa kimejaa tope la oili na vumbi, basi. Hakikuwa na kilichovunjika. Dakika ishirini za mafuta ya kulegeza kutu zingetosha.

Tangu siku hiyo kila anayeniletea tatizo hili namuuliza maswali kwanza, na ndiyo hayo ninayoyaandika hapa.

Mfuniko umejengwaje

Ukishajua kilichomo ndani, nusu ya kazi umeimaliza. Katikati ya mfuniko kuna silinda ndogo inayopokea ufunguo. Ndani ya silinda kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake yenye unene kama wa unywele. Meno ya ufunguo yanavivuta vibati vyote vikae sawa na uso wa silinda. Kikibaki hata kimoja kimechomoza, silinda haigeuki. Nyuma ya silinda kuna mkia unaosukuma ulimi, mmoja au mbili, na ulimi ndio unaoshika chini ya mdomo wa tenki. Chini kabisa kuna raba ya kuzuia petroli isivuje, na mahali fulani kuna tundu dogo la hewa, ili mafuta yanaposhuka kwenda kwenye kabureta, hewa iingie kuchukua nafasi yake.

Pikipiki nyingi kuukuu zinazotembea huku kwetu, za 100, 125 na hata 150, zina mfuniko unaotoka mzima ukaushika mkononi. Nyingine zina mfuniko wa bawaba unaoinuka kama kifuniko cha sanduku, umelala sawa na tenki, na umezungukwa na skrubu za urembo. Usihangaike na hizo skrubu. Nyingi hazishiki kitu, na ile inayoshika kweli hufichwa chini ya mfuniko wenyewe, kwa hiyo mfuniko ukiwa umefungwa huifikii.

Basi tatizo linaweza kuwa sehemu nne: ufunguo, silinda, ulimi, au raba na hewa. Maswali matatu yanakuonyesha ni wapi. Je, ufunguo unaingia hadi mwisho? Ukiingia, unageuka? Ukigeuka, unasikia kitu kinasogea chini ya kiganja chako? Jibu haya kabla ya kugusa kifaa chochote.

Na kabla hata ya hayo, sogeza pikipiki mbali na jiko la mama lishe, mbali na anayechomelea geti, mbali na sigara. Acha injini ipoe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kulifuata jiko lililo hatua kadhaa kutoka ulipo wewe. Huwaka ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndiyo maana tenki linaloonekana tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa: ndani yake kuna mvuke na hewa vikingoja cheche. Usipashe ufunguo moto kwa kiberiti ili "ulainike". Nimeona watu wakifanya hivyo juu ya tenki, na mwili ulinisisimka.

Ufunguo hauingii, au unaishia katikati

Hapa kuna kitu kwenye njia. Chukua tochi utazame ndani ya tundu la ufunguo. Kama kuna kipande cha ufunguo kilichokatikia humo, ruka mbele kwenye sehemu yake. Kama hakuna, ingiza ufunguo hadi unapofika, utoe, uufute kwenye kitambaa cheupe, kisha uangalie rangi iliyobaki.

Hii ya rangi naithamini kuliko kipimo kingine chochote, maana inakueleza kilichotokea ndani bila kufungua chochote.

Ikiwa nyeusi na inanata, ni oili iliyokamata vumbi. Mtu aliweka grisi au oili chafu ya injini kwenye kitasa akidhani anakisaidia. Siku za mwanzo kilikuwa laini kweli. Baadaye vumbi la barabara za Igoma na Kisesa likaingia, likashikamana na oili, na sasa una tope linalokauka kila jua linapowaka. Hili ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi kwa pikipiki za bodaboda.

Ikiwa nyekundu au kahawia, ni kutu ya chuma: springi za vibati, au ulimi. Watu huniambia maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kutu ni tatizo la Tanga na Dar es Salaam. Ni kweli Ziwa Victoria ni maji baridi na chumvi huharakisha kutu. Lakini chuma kinahitaji maji na hewa tu ili kiote kutu, na springi nyembamba kama unywele haina unene wa kupoteza. Pikipiki inayolala nje Kirumba au Igombe inaamka na umande, inapigwa na mvua za vuli na za masika, kisha inaoshwa kwa pampu ya presha iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye tundu la ufunguo. Hiyo pampu huingiza maji mahali ambapo mvua isingefika. Na wanaoosha pikipiki ufukweni huongeza mchanga juu yake, mbali na kwamba oili yao inaishia kwenye maji tunayokunywa.

Ikiwa ni unga mweupe, mwili wa kitasa wenyewe unaliwa. Vitasa hivi vingi humiminwa kwa mchanganyiko wa zinki, na zinki ikiharibika hutoa unga kama chokaa. Unga huo unajaza nafasi kati ya silinda na nyumba yake. Utafunguka, ila panga kununua mfuniko mwingine, kwa sababu kilicholiwa hakirudi.

Dawa ya zote tatu inaanza sawa. Puliza tundu kwa kompresa ya fundi wa matairi au kwa pampu ya mkono, ukiwa umefumba macho au umevaa miwani. Kisha weka mafuta mepesi ya kulegeza kutu, WD-40 au mengine ya kopo la kupuliza yanayouzwa maduka ya spea. Ingiza mrija wake mwembamba hadi ndani, puliza kidogo, subiri dakika 15 hadi 20. Ingiza na utoe ufunguo mara ishirini bila kuugeuza, ukiufuta kila mara. Utaona kitambaa kinachafuka, halafu kinaanza kuwa safi. Rudia. Kwa tope jeusi huwa nafanya mizunguko mitatu hadi minne kabla ya kujaribu kugeuza chochote.

Hakuna kopo hilo? Mafuta ya taa kidogo kwa bomba la sindano yatasafisha tope, ingawa kwa kutu yana nguvu ndogo. Visivyofaa kabisa ni viwili. Maji ya betri ni asidi: yanakula zinki na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo nayo inawaka, na hayo yote juu ya tenki la petroli. Mafuta ya breki yanabandua rangi ya tenki kabla hujamaliza kujuta.

Ufunguo unaingia wote lakini haugeuki

Swali la kwanza linaonekana dogo ila limeniokolea muda mwingi: huo ndio ufunguo wenyewe? Pikipiki ya mtumba inaweza kuwa imebadilishwa swichi ya kuwashia na mfuniko ukabaki wa zamani. Ufunguo wa swichi mpya unaweza kuingia kwenye mfuniko bila kuufungua kamwe. Muulize aliyekuuzia.

Kama ndio wenyewe, kuna mambo mawili: ama ufunguo umechakaa, ama vibati vimekwama. Yatofautishe hivi. Weka ufunguo kwenye mwanga, utazame meno yake. Ufunguo mzima una vilele vyenye kingo. Uliochakaa umekuwa mviringo kama kokoto ya ufukweni, na ukiuingiza unacheza juu na chini. Ufunguo wa pikipiki ya biashara hutumika mara nyingi kwa siku, na mara nyingi si ule wa kwanza: ulichongwa kutoka kwenye uliochongwa kutoka kwenye mwingine, na kila kuchonga kumeongeza kosa dogo. Tafuta ufunguo wa akiba uliobaki ndani kwa tajiri wa pikipiki au kwenye droo ya nyumbani. Hata kama una kutu ya juu, meno yake huwa hayajalika. Ukigeuka kwa urahisi, tatizo umelipata: nenda kwa fundi funguo na huo wa akiba, usipeleke ule uliochakaa.

Kama huna wa akiba, fanya hivi. Ingiza ufunguo hadi mwisho, kisha urudishe nje kiasi cha unene wa ukucha. Jaribu kugeuza polepole. Urudishe tena kidogo zaidi, jaribu tena. Ufunguo uliolika kwa ncha mara nyingi unakubali ukiwa umetoka kidogo. Jaribu pia kuuinua na kuukandamiza ndani ya tundu huku ukiugeuza kwa vidole viwili tu. Nasema vidole viwili kwa makusudi. Nguvu ya vidole viwili haikati ufunguo, nguvu ya plaizi inaukata.

Kama ufunguo ni mzima, hauchezi, na bado haugeuki, basi ni vibati, au ulimi umebanwa na mfuniko wenyewe. Hili la pili watu hawalifikirii. Raba ikivimba inausukuma mfuniko juu, na ulimi unabanwa chini ya mdomo wa tenki kama mlango uliovimba kwa mvua unavyoibana komeo. Dawa yake haihitaji kifaa: weka kiganja cha mkono mmoja juu ya mfuniko, kandamiza kwa uzito wa mwili wako, na kwa mkono wa pili geuza ufunguo. Nimefungua mifuniko mingi kwa njia hii peke yake. Wenyewe walikuwa wamekuja wakiamini kitasa kimekufa.

Ukikandamiza na bado, rudi kwenye mafuta ya kulegeza kutu, na safari hii uyape usiku mzima. Asubuhi, ukiwa umeushikilia ufunguo kwa nguvu ndogo ya kugeuza, gonga juu ya mfuniko kwa mpini wa mbao wa bisibisi, ukizunguka pande zote, mapigo mepesi kama unavyobisha hodi. Mtikisiko unavifanya vibati viruke kidogo, na kimoja kimoja vinaachia. Unaugonga kwa mbao ili mtikisiko uingie, hulengi kuvunja.

Ufunguo unageuka, mfuniko hauinuki

Hapa kitasa kiko sawa, kwa hiyo acha kukipulizia mafuta. Tatizo liko chini yake.

Siku moja karibu na Mwaloni, Kirumba, dereva mmoja kijana alinisimamisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imekuwaje?"

"Mfuniko umegoma, mzee. Ufunguo unazunguka vizuri tu, ila haunyanyuki."

"Na njiani pikipiki inakwendaje? Haikusumbui?"

Akashangaa. "Inazima mzee. Naenda kilomita mbili tatu inakata. Nikikaa kidogo inawaka tena. Wameshanibadilishia plagi mbili."

"Plagi haina kosa, ngosha. Tundu la hewa limeziba."

Ni hivi. Mafuta yakishuka na hewa isipoingia, ndani ya tenki panabaki ombwe. Ombwe hilo linayazuia mafuta yasishuke, ndipo injini inazima. Ukisubiri, hewa kidogo inapenya, inawaka tena. Ombwe hilohilo linauvuta mfuniko chini. Vivyo hivyo kwa pikipiki iliyoanikwa juani mchana kutwa kisha ikapoa usiku: mvuke wa ndani unasinyaa na asubuhi mfuniko umekazwa. Ndiyo maana nauliza pia, unagoma zaidi asubuhi au mchana? Anayesema asubuhi ananielekeza kwenye hewa.

Ili kuliondoa ombwe bila kufungua mfuniko, funga koki ya mafuta, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, ncha yake itumbukize kwenye chombo kisafi, fungua koki. Mafuta yakianza kwa nguvu kisha yakawa matone wakati tenki lina mafuta, ombwe lipo, au chujio la koki limeziba. Funga koki, unganisha pampu ya baiskeli kwenye ncha ya mpira, fungua koki, sukuma taratibu mara mbili au tatu. Utasikia mapovu yakipanda ndani ya tenki. Kisha kandamiza mfuniko, geuza ufunguo, inua. Usitumie kompresa, maana upepo wake ni mkali mno kwa tenki, na usipulize kwa mdomo, petroli ikirudi itakuingia kooni.

Lakini ombwe peke yake si zito sana. Likikutana na raba iliyovimba ndipo mfuniko unakuwa kama umegundishwa. Na raba inavimba kwa nini? Kwa sababu raba ya asili ilipochakaa, mtu alikata nyingine kutoka kwenye tyubu ya tairi. Najua kwa nini tunafanya hivyo: tyubu kuukuu ipo, haina gharama. Ila mpira wa tyubu haukutengenezwa kukaa na petroli. Unainywa, unavimba, unalainika, unashikamana na bati la mdomo wa tenki. Baadaye vipande vyake vinaingia kwenye koki na kabureta. Raba ya dukani ya mfuniko hutengenezwa kwa mpira unaostahimili mafuta. Tofauti utaiona baada ya miezi michache tu.

Kuutoa mfuniko ulioshikwa na raba: geuza ufunguo uwe upande wa kufungua na uushikilie hapo. Kwa mkono mwingine uzungushe mfuniko kushoto na kulia kidogo kidogo kabla ya kuvuta juu. Ukishazunguka hata milimita mbili, raba imeachia. Kwa ule wa bawaba, msaidizi ashikilie ufunguo nawe upitishe kipande cha plastiki ngumu, kama kadi ya benki iliyokwisha muda, ukingoni mkabala na bawaba. Bisibisi hapana, inakwaruza rangi na kupinda ukingo ambao raba inahitaji ulale sawa.

Ulimi wenye kutu unajitambulisha: ufunguo unageuka lakini mzito, na unaporudi haurudi wenyewe, springi haisukumi. Hapo mafuta ya kulegeza kutu yanahitajika kweli, ila yapitishe kwenye ukingo wa mfuniko, pande zote, maana kupitia tundu la ufunguo hayafiki vizuri. Subiri saa moja. Geuza na kurudisha mara nyingi.

Ufunguo unazunguka bure

Kwanza hakikisha si tabia yake. Baadhi ya mifuniko ya kubadilisha inayouzwa madukani huzunguka bure makusudi ikiwa imefungwa, na hata ufunguo ukiwa ndani inataka ukandamize chini ndipo ishike. Kandamiza ujaribu.

Kama sivyo, mkia wa silinda umekatika au skrubu yake imeanguka ndani, na ufunguo hauna tena mawasiliano na ulimi. Kwa mfuniko wa bawaba, kibati chembamba cha chuma kikipenyezwa ukingoni mkabala na bawaba kinaweza kuusukuma ulimi urudi, kwa sababu unasukumwa na springi tu. Kwa unaotoka mzima nafasi hiyo ni finyu mno, na kwa kawaida unaishia kutoboa.

Ufunguo umekatikia ndani

Usijaribu kusukuma kwa kipande kilichobaki mkononi, na usiweke gundi ya haraka kwenye ncha ukitumaini vitashikana. Gundi inashuka kwenye vibati na umepoteza kitasa kizima.

Angalia kwanza tundu limesimama vipi. Mara nyingi ufunguo hukatika wakati umeshageuka kidogo, na silinda ikiwa imegeuka haiachii kitu. Irudishe kwenye nafasi yake ya kuingizia kwa bisibisi nyembamba. Weka mafuta mepesi. Kisha chukua blade mbili nyembamba za msumeno wa kukatia mbao za urembo, zipitishe kila upande wa kipande, meno yakiwa yameelekea nje kwako, zibane na uvute pamoja. Mara nyingi kinatoka jaribio la tatu au la nne. Vipande vyote viwili mpelekee fundi funguo, anaweza kuvipanga na kuchonga mpya. Tena mwambie ulikatika ukiwa umelika ili asinakili kila kitu kama kilivyo.

Kutoboa, ikibidi

Kama ufunguo umepotea kabisa, fundi funguo mzuri anaweza kukufungulia bila kuharibu, na hiyo ndiyo njia ya kuanza nayo. Nafikia kutoboa nikiwa nimemaliza mengine yote, na sitoboi tenki lenye mvuke ndani. Hapa ninamsihi kila fundi asinione mwoga.

Mimina mafuta yote kupitia koki. Toa tenki kwenye pikipiki, lipeleke mahali pa wazi. Lipindue, fungua koki yenyewe itoke, na kupitia tundu lake jaza maji hadi juu. Tenki la pikipiki lina matumbo mawili, kushoto na kulia kwa fremu, kwa hiyo hewa itajificha kwenye tumbo lisilo na koki. Liinamishe huku na huku, ongeza maji, hadi mapovu yaishe. Ukiacha hewa humo, ukilisimamisha itapanda na kukaa pale pale chini ya mfuniko, ambapo unakwenda kutoboa. Rudisha koki, ifunge, simamisha tenki.

Tumia keekee ya mkono ukiipata. Drili ya umeme ina cheche ndani ya mota yake. Anza na kidude cha milimita 3, katikati ya tundu la ufunguo, kwenye mstari wa vibati, kisha kikubwa zaidi. Kipake grisi ili chembe za chuma zishikamane nacho. Vibati vikishakatwa, bisibisi bapa itageuza silinda kama ufunguo.

Baada ya hapo maji yote yatoke, tenki lisuuzwe kwa petroli kidogo, likaushwe juani likiwa wazi siku nzima. Maji ni mazito kuliko petroli, yakibaki yanakaa chini kabisa, kwenye koki, na huko ndiko kutu ya tenki inakoanzia. Petroli uliyosuuzia usiimwage mtaroni, mitaro ya mji huu inaelekea ziwani.

Ukishafunguka

Usiurudishe siku hiyo hiyo kama ulivyo. Fungua skrubu za chini, toa bati, uone springi na ulimi vimekaaje kabla ya kuvigusa. Piga picha kwa simu. Safisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, futa, kausha kabisa. Zibua tundu la hewa kwa waya mwembamba kisha upulize hadi hewa ipite. Ulimi upake grisi kidogo sana, yenyewe haiko kwenye njia ya vumbi. Silinda usiipake grisi. Saga risasi ya penseli laini iwe unga, uupulize ndani ya tundu, ingiza ufunguo mara kadhaa. Unga huo unateleza bila kukamata vumbi. Mimi naurudia baada ya masika na baada ya vuli.

Kuna mafundi wanaotoa kibati kimoja au viwili ili ufunguo uliolika ukubali. Inafanya kazi, na kwa mtu mwenye safari ya Sengerema usiku nimewahi kuifanya. Ila mwambie mwenye pikipiki ukweli: kila kibati kinachotoka, kitasa kinakubali funguo nyingi zaidi, na mfuniko huu uliwekwa kufuli kwa sababu mafuta hunyonywa pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Weka raba mpya ya dukani. Kisha, mfuniko ukiwa mkononi, kabla haujagusa tenki, funga na ufungue mara ishirini. Ukikwama hata mara moja, rudi kwenye mswaki. Ukipita zote ishirini, uweke kwenye tenki, ufunge, ukandamize, ufungue tena huku ufunguo wa akiba ukiwa mfukoni mwako.